Kioo Kilichofunika Mandazi

Nyinyi vijana wa gereji mnanichekesha. Gari likiletwa mnachomeka waya, mnangoja kompyuta iwaambie linaumwa wapi, halafu mnamgeukia mwenye gari na uso wa daktari: "Sensa imekufa, baba." Sisi hatukuwa na sensa. Tulikuwa na sikio, pua na ulimi, na ulimi ndio uliotuponza zaidi. Nimeonja oili ya gia, nimeonja maji ya betri (mara moja tu), na nimewahi kuonja rangi nikitaka kujua kama imekauka. Meno haya mnayoyaona si yangu.

Naitwa Fundi Rajabu. Nilizaliwa mjini Kisii, nyuma ya msikiti. Babu yangu alikuja huku na jeshi la Waingereza. Jeshi likaondoka, yeye akabaki kwa sababu ya ndizi na bibi yangu. Kigusii nilikijua cha sokoni: salamu, bei na matusi. Mambo ya ndani ya nyumba za watu sikuyajua, na kutoyajua huko nusura kumnyime mama mmoja macho yake.

Baada ya uhuru, wazungu wa mashamba ya kule Sotik na Kericho walianza kufunga mizigo, na magari yao makubwa hayakuingia kwenye masanduku. Yakauzwa. Walioyanunua hawakuwa matajiri kama mnavyodhani. Walikuwa watu wenye ugonjwa. Mtu ana duka dogo, paa linavuja, lakini nje limesimama gari refu kuliko duka, na kila Jumapili yuko chini yake amelala chali, anaimba. Mke akimwita kula, anajibu kwamba anasikia kelele kidogo upande wa kushoto. Wagonjwa wa namna hiyo ndio walionilisha miaka yote.

Gereji yetu ilikuwa kando ya njia ya kwenda Mosocho, mabati manne na mti wa kufungia winchi. Mwenyewe alikuwa Mzee Makori, aliyejifunzia ufundi jeshini wakati wa vita na kurudi akiwa na sikio moja zima. Sikio hilo moja lilisikia kuliko ya kwenu yote. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho, kisha akasema, "Silinda ya tatu inalia." Tukifungua, tunakuta kweli inalia.

Makori alinifundisha mambo ambayo hamtayapata kitabuni. Kwa mfano, dirisha la gari kuukuu likipiga kelele linapopanda, msikimbilie grisi, itashika vumbi mpaka dirisha lisimame kabisa. Sisi tulikwenda kwa wachongaji mawe wa Tabaka, tukazoa ule unga mweupe unaobaki chini wanapochonga vinyago, tukaupepeta kwa kitambaa, tukaupaka kwenye raba. Kioo kilipanda kimya. Waliolitengeneza gari kule Ulaya hawakuijua dawa hiyo.

Lakini mimi nikionyeshwa dawa moja, naitibia magonjwa yote. Nikauchanganya unga ule na rangi, nikidhani utalainisha. Gari la kwanza nililopaka lilitoka na ngozi kama ya kinyago, na mtalii mmoja akauliza kama kuna dogo la kubeba kwenye ndege.

Kisha kulikuwa na daktari wa ng'ombe wa Nyamira, aliyeleta gari lenye viti vya ngozi halisi, vimepasuka kama nyayo zangu. Kitabu cha gari kilitaka krimu fulani ya Uingereza. Nikajiuliza, ngozi si ya ng'ombe? Na samli si ya ng'ombe? Nikapaka samli ya kilo mbili. Viti viling'aa hata mimi nikajipenda. Wiki ile mbwa wote kuanzia Sironga mpaka Nyamira walikuwa wakilifuata gari lile. Daktari alikuja kunishukuru, akiamini kwamba hatimaye wanyama wamemtambua. Sikumwambia ukweli, na natumaini hakuna mtoto wake anayenisikiliza hapa.

Sasa nije kwa Bwana Momanyi na gari lake.

Bwana Momanyi aliuza baiskeli mjini. Mtu mwembamba, wa kusali Jumamosi, kofia kichwani kila siku. Gari lake lilikuwa jeusi, refu, na lilitengenezwa na kampuni ambayo jina lake silitaji, maana jambo nililoifanyia kazi yao linaweza kunifikisha mahakamani hata leo. Ndani lilikuwa na mbao zilizong'arishwa, viti vya ngozi, na kichupa cha kuwekea maua. Mlango ukifungwa ulitoa sauti ya gunia la mahindi linapotua. Momanyi hakumruhusu mtu yeyote kushika usukani wake. Mchungaji aliwahi kuomba kuliendesha mpaka getini tu, na Momanyi akahamia ibada ya kanisa lingine kwa miezi miwili.

Katikati ya gari, baina ya kiti cha dereva na viti vya nyuma, palikuwa na kioo kinene, kipana, kinachopanda na kushuka kwa kuzungusha mpini. Kikipanda, walio nyuma wako chumba chao na dereva yuko chumba chake. Mzungu alikiweka ili akiongea na mkewe, dereva asisikie.

Momanyi alituletea gari tupige rangi, kisha akaenda Nairobi kununua vipuri vya baiskeli. Siku hiyohiyo Makori alipata msiba wa mjomba wake, akaenda mazishini. Akiwa ameshaingia njiani alinigeukia: "Rajabu, hiyo gari ni rangi tu. Ndani usiguse."

Mnajua fundi kijana akiambiwa usiguse anasikia nini. Siku ya pili nililiendesha kidogo uani kulipeleka kivulini, na kile kioo cha kati kikawa kinagonga: ta-ta-ta-ta. Nikakiangalia vizuri. Damu ya uhuru ilikuwa bado moto mwilini, kila siku redio inatuambia tuondoe mabaki ya ukoloni, na hapa mbele yangu ukoloni umekaa katikati ya gari la Mwafrika, unagonga. Hiki si ndicho kilichomtenga bwana na mtumishi? Nikashika bisibisi, nikakitoa. Nilijiona nimelikomboa taifa kabla ya chai ya saa nne.

Kioo hicho nikampelekea shangazi yangu Mwanaidi. Shangazi aliuza mandazi sokoni, na bwana afya alikuwa amemwonya kwamba bila kabati la kioo hatauza tena, kwa sababu ya nzi. Akafurahi mpaka akaniombea dua ya mke. Kioo kilikuwa kirefu kidogo kuliko kabati, kwa hiyo akamwita seremala wake, naye akakikata vidole vinne.

Makori alirudi Ijumaa asubuhi. Alizunguka gari, akasifu rangi, akafungua mlango.

"Rajabu. Ile kioo ya katikati iko wapi?"

"Nimeitoa, mzee. Ilikuwa inagonga. Halafu si tumepata uhuru?"

"Uhuru?"

"Ilikuwa ya kutenga mzungu na dereva wake."

Makori aliketi juu ya tairi taratibu, akashika kichwa. "Wewe ni mjinga ya aina gani? Unafikiri Momanyi alinunua gari? Momanyi alinunua kioo. Hiyo gari ingine yote ni ya kushikilia kioo!"

Ndipo akanieleza, na mimi nikawa nazidi kuwa mdogo kadiri anavyosema.

Mke wa Momanyi alikuwa mtoto wa pekee wa mama mmoja wa Manga aliyeitwa Kemunto. Kwa Wagusii kuna heshima inayoitwa chinsoni, na kati ya mwanamume na mama mkwe wake heshima hiyo ni kali. Hawashikani mikono, hawaketi karibu, hawatazamani usoni. Mama Kemunto alikuwa mkali kuliko wenzake wote. Tangu harusi, miaka ishirini na zaidi, hakuwahi kukaa chumba kimoja na mkwewe. Sasa macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, yote mawili. Alikuwa akipapasa ukuta kwenda chooni. Daktari wa macho, mgeni, angekuwa Kisumu wiki moja tu kuanzia Jumatatu, na baada ya hapo haikujulikana angerudi lini, au kama angerudi.

"Si aende kwa basi?" nikauliza.

"Basi ilianguka na mzee wake akakufa. Hapandi gari ya mtu mwingine. Amesema ni mkono ya omoko wake peke yake anaamini." Omoko ni mkwe.

"Basi huyo omoko ampeleke."

"Na wakae pamoja ndani ya gari masaa yote hayo? Si afadhali akufe kipofu! Miaka mbili wameshindwa. Anaamini yeye peke yake, na hawezi kukaa na yeye. Ndiyo Momanyi akaona hii gari inauzwa, iko na ukuta katikati. Mama akakubali. Anaenda Jumapili."

"Tukitundika pazia?"

"Nguo si ukuta. Inapepea." Makori akasimama. "Enda ulete hiyo kioo. Ukikosa, usirudi hapa. Pitia tu huko mbele, uende Tanzania."

Nilikimbia mpaka sokoni nikiwa na ovaroli. Nilimkuta shangazi ameketi nyuma ya kabati lake jipya, mandazi yamepangwa ndani, yanapendeza kuliko bwana harusi.

"Kioo gani?" akasema. "Cha kabati langu? Bwana afya anakuja Jumatatu."

"Shangazi, kuna mama atakuwa kipofu."

"Na mimi nitakuwa maskini. Nani alikileta hapa? Mimi nilikuja gereji kwenu kuiba?"

Nikamweleza yote. Shangazi alikuwa na mdomo, lakini alikuwa pia na mama yake mzazi ndani, ambaye naye alikuwa haoni vizuri. Akatoa mandazi moja moja, akayapanga kwenye sinia. "Chukua," akasema. "Lakini Jumatatu kabla ya bwana afya niwe na kioo kingine, la sivyo ile dua niliyokuombea naifuta."

Nilimpatia kioo cha mbele cha lori bovu lililokuwa limelala nyuma ya gereji. Sikupata nafasi ya kung'oa waipa. Kwa miaka mingi mandazi ya shangazi Mwanaidi yalikaa nyuma ya kioo chenye waipa, na wateja walikuja kutoka mbali kuiona. Bwana afya aliandika kwamba ni kabati safi.

Tatizo likawa vile vidole vinne. Kioo kingine cha unene ule kilikuwa Nairobi. Makori hakunitukana tena, na hilo liliniogopesha zaidi. Alichukua ubao wa mvule, tukaupiga randa siku nzima, tukaupaka vanishi mara tano, tukaufunga juu ili kioo kikipanda kikutane nao. Reli tulizipaka unga wa Tabaka. Tuliosha kioo kwa sabuni, kwa ndimu, kwa mafuta ya taa. Harufu ya mandazi haikutoka.

Momanyi alikuja Jumapili alfajiri akiwa na suti. Aliutazama ubao, akanitazama. Makori alikuwa ameshamwambia. Sijawahi kutukanwa kwa utulivu namna ile. "Wewe utaenda na sisi," akasema. "Utakaa mbele hapa na mimi. Mama akikataa kupanda, wewe ndiye utamwambia kwa nini."

Manga tulimkuta Mama Kemunto amesimama uani, amevaa nguo ya kanisani, binti yake amemshika mkono. Momanyi alisimamisha gari mbali kidogo, akabaki ametazama mbele, mikono kwenye usukani. Midomo yake ilikuwa inasali bila sauti. Nilikuwa nimefika pale nikiogopa kufukuzwa kazi. Nilipoiona nikaanza kuogopa jambo lenyewe.

Mama aliingizwa nyuma. Badala ya kuketi, alinyoosha mikono na kuanza kukipapasa kioo. Akapapasa chini, akapapasa pembeni, kidole kwa kidole, kama mtu anayenunua sufuria. Akapanda juu. Akafika kwenye ubao, akasimama.

Aliuliza kitu, na binti yake akanitafsiria kupitia mlango uliokuwa wazi: "Anasema, hapa kuna mbao. Kwa nini?"

Niliteremka, nikamweleza kwa Kigusii changu cha sokoni. Nikamwambia uhuru, nikamwambia mandazi, nikamwambia seremala. Nadhani nilichanganya na bei. Yule mama alinisikiliza, kisha akasogeza pua kwenye kioo, akanusa. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi mwenyewe. Akasema maneno mawili matatu, na binti akafuta macho: "Anasema hata mbao ni ukuta. Na anauliza kama umebeba hayo mandazi."

Sikuwa nimebeba. Tangu siku ile sisafiri bila mandazi.

Alipasuliwa macho Jumanne, akabaki Kisumu na binti yake kwa jamaa zao. Baada ya wiki tatu na ushee tulikwenda kuwachukua, Momanyi na mimi, maana sasa alidai kwamba gari haliwezi kwenda popote bila mjinga wake. Mama alitoka na miwani minene kama kitako cha chupa ya soda. Aliangalia kuku, akaangalia viatu vyangu, akasema ni vichafu.

Na hapo tukagundua jambo ambalo sote mafundi hodari hatukuwa tumelifikiria. Kioo ni kioo. Alipokuwa haoni kilikuwa ukuta. Sasa kilikuwa dirisha, na kisogo cha mkwewe kingekaa katikati yake. Binti yake alivua leso aliyojitanda mabegani, akaibana kwenye ule ubao wangu kwa pini, moja moja, kwa muda mrefu, huku Momanyi amejificha nyuma ya kibanda cha maji. Ndipo tukaondoka.

Tulipita Sondu, tukaanza kupanda. Baada ya mji wa Nyamira, pale Sironga, kioo kiligongwa kutoka nyuma. Binti alishusha dirisha lake la pembeni, akaniita. Mama anataka kuona ukingo wa milima ya Manga, kwao, na uko mbele, madirisha ya pembeni hayauonyeshi.

Momanyi alisikia. Alisimamisha gari kando ya barabara, akazima injini, akateremka, akaanza kutembea kurudi tulikotoka, mgongo kwetu, mpaka akawa mbali kule nyuma. Binti akatoa pini zote, leso ikashuka, na Mama Kemunto akatazama mbele kupitia kioo changu cha mandazi. Manga ilikuwa imekaa pale, ya kijani, na moshi wa nyumba za watu juu yake. Alitaja majina ya wenye nyumba, mmoja mmoja. Wengine binti alimwambia wamekufa.

Mvua ya huku haibishi hodi. Ilimwagika. Mama akageuka, akachungulia kile kidirisha kidogo cha nyuma.

"Yule mzee anayenyeshewa ni nani?" akauliza. Hilo nililielewa bila kutafsiriwa.

Nami nikatazama. Bwana Momanyi alikuwa amesimama katikati ya mvua na suti yake, ametupa kisogo, kofia ameivua na kuificha ndani ya koti isiharibike. Upara wake ulikuwa unang'aa kwa maji. Mara ya mwisho mama huyu kumwona, kwa mbali, siku ya harusi, alikuwa kijana mwenye nywele.

"Ni yeye," binti akasema.

Binti akaanza kuokota pini ili airudishe leso, lakini mama akamshika mkono, akaichukua leso, akaikunja, akaiweka mapajani. Alisema kwa haraka, na binti hakunitafsiria mara moja, kwa sababu alikuwa analia.

"Anasema pini zitachukua muda na mtu wake ataugua. Mwambie akuje. Yeye atafumba macho."

Nilikimbia kwenye matope. Momanyi hakugeuka. "Ameweka leso?" akauliza.

"Hapana."

"Sasa mimi nitaingia aje?"

"Amefumba macho, Bwana Momanyi."

Alisimama pale. Maji yalikuwa yakimtiririka usoni, na sikuweza kujua kama yote ni ya mvua. "Hayo macho mapya?" akasema.

"Hayo hayo."

Tulirudi pamoja. Mama Kemunto alikuwa ameketi wima, miwani ameishika mkononi, macho ameyafumba kwa nguvu mpaka uso mzima umejikunja. Hakuyafungua mpaka Manga. Aliyapita mashamba yote ambayo hakuyaona kwa miaka, yameoshwa na mvua, na hakuchungulia hata moja. Momanyi aliendesha polepole kuliko siku zote. Kioo hakikugonga.

Kwa hiyo, kijana, ukiletewa gari la mtu ukaona ndani yake kitu kisicho na maana, weka bisibisi chini. Muulize mwenyewe kwanza. Mimi nilikitoa kile kioo kwa robo saa.